Uani kwa bibi watakaa wangapi?

Barua tatu nilizochagua mwezi huu zote ni za harusi za nyumbani. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko wenzake, kwa sababu nyumba inayotajwa humo inafanana sana na ile niliyozaliwa.

*

Shikamoo shangazi. Mimi ni binti wa Ngamiani, Tanga, nina miaka 27. Mungu akijaalia naolewa Jumamosi ya tarehe 23 Januari 2027, kabla Ramadhani haijaingia. Mchumba wangu ni mtu wa Pangani. Ninachotaka ni kuolewa nyumbani kwa bibi mzaa baba, uani, pale nilipojifunza kukuna nazi na kuteka maji. Bibi amepita miaka themanini, miguu haimbebi tena, na ndiye aliyenilea baba yangu alipofariki. Nikiolewa mahali ambapo yeye hafiki, kwangu ni kama sijaolewa.

Baba mkubwa ndiye walii wangu, wa kuniozesha, na ndiye mwenyekiti wa kamati. Yuko Dar es Salaam na anataka ukumbi. Anataja watu 400, na anasema kuolewa uani ni kuwatangazia watu kwamba tumeishiwa. Mama kwa upande wake hana tatizo na nyumbani, ila ameapa pilau ya harusi yangu ataipika yeye, hagusi mtu mwingine. Nimepima ua kwa miguu: hatua 22 kwa 16. Kuna mwembe mkubwa, kisima kilichofunikwa, jiko la nje na choo kimoja. Halafu Januari ni joto, nalo linanitia hofu. Nianzie wapi, na baba mkubwa nimwambieje bila kumvunjia heshima?

*Binti wa Ngamiani*

*

Marahaba mwanangu, na hongera sana. Barua yako nimeisoma mara tatu.

Na baba mkubwa usibishane kwenye simu. Kwenye simu yeye ni mwenyekiti wa kamati na wewe ni mtoto unayemkatalia. Mwombe aje Tanga siku mbili, alale kwa mama yake, na asubuhi baada ya chai msimame naye uani. Msihesabu kadi kwanza, hesabuni nafasi. Hatua ya mwanamke ni kama sentimita 70, kwa hiyo ua wenu una kama mita 15 kwa 11, tuseme mita za mraba 170. Toa jiko, kisima, shina la mwembe, njia ya kwendea chooni na mahali pa bibi harusi kukaa. Zinabaki kama 120. Kiti kimoja cha plastiki, ukiweka na nafasi ya magoti na ya kupita mtu na sinia, kinakula mita moja ya mraba. Hao ni watu 120 wa viti. Ukitandika majamvi na mikeka, akina mama wakakaa chini kama walivyozoea, wanafika 160 bila mtu kukalia kanga ya mwenzake.

Watu 400 kwa hiyo hawaingii, na nyumba yenyewe ndiyo itakayomwambia hivyo, si wewe. Lakini 160 pia si mwisho wa hesabu. Nyumba ya Kiswahili haikujengwa na ua peke yake. Mbele kuna baraza, na mbele ya baraza kuna barabara. Wanaume wakae huko, chini ya maturubai, nikahi isomwe barazani au kwenye msikiti wa mtaani kwenu, wale kwa sinia watu watano watano, wanyanyuke, waage. Wanaume 120 wanahudumiwa hivyo kwa muda mfupi. Jumla mnafika 280, nao ni watu wa kutosha kabisa kwa harusi ya ukoo mkubwa. Hawa 120 wengine wa baba mkubwa mara nyingi ni watu wa kazini na wa michango, na wengi wao kutoka Dar kuja Tanga hawaji.

Kuhusu kuishiwa, muulize kwa upole, mbele ya bibi, harusi yake mwenyewe ilifanyika wapi. Akiitaja nyumba, nyamaza. Mcheza kwao hutunzwa, na yeye analijua hilo kuliko wewe. Halafu mpe kazi inayomfaa: mkeka wa nikahi uwe wake. Yeye ndiye apange nani anakaa wapi barazani, nani anawapokea watu wa Pangani, nani anasimama na shekhe. Mzee aliyepewa kazi ya heshima nyumbani kwa mama yake hana sababu ya kung'ang'ania ukumbi.

Tarehe uliyochagua naipenda. Mwishoni mwa Januari vuli huwa imeshapita na masika bado iko mbali, na kaskazi inavuma. Joto lipo, sikufichi, ila ni joto lenye upepo. Pia mwezi utakuwa umejaa usiku wa tarehe 22, kwa hiyo siku yako baada ya magharibi utauona unachomoza mkubwa. Punguza taa, hasa zile kali nyeupe zinazowafanya watu waonekane wagonjwa kwenye picha. Lakini mwezi huohuo utakunyima kitu: wavuvi wa taa hawatoki mbalamwezi ikiwa kali, kwa sababu samaki hawafuati taa yao. Kwa hiyo usimwahidi mtu dagaa wala vibua vya kukaanga siku hiyo.

Sasa kivuli, na hapa nisikilize vizuri maana niliwahi kukosea. Harusi moja ya Januari nilikwenda kupima kivuli cha uani mwezi wa Juni. Nilichora mstari wa mkaa ukutani, nikasema wageni wakae upande huu kuanzia saa tisa. Siku ya siku, upande ule ulikuwa jua tupu na kivuli chote kilikuwa kwa jirani. Wazee wawili ilibidi waingizwe ndani wakapepewe. Sababu ni kwamba hapa kwetu mwezi wa Juni jua hupita upande wa kaskazini, na Januari hupita upande wa kusini. Ukitaka kukijua kivuli cha tarehe 23 Januari, pima kati ya tarehe 18 na 22 Novemba. Siku hizo jua linapita njia ileile. Chagua siku isiyo na mawingu, simama uani saa tisa, saa kumi na saa kumi na moja, na kila mara weka alama. Turubai lifungwe kwa alama hizo. Na lifungwe juu, kichwa cha mtu mrefu kiongezewe mkono mzima, na pembeni liachwe wazi upande wa kaskazini mashariki upepo uingie. Turubai la chini linageuka kuwa tanuri.

Bibi akae wapi? Mimi ningemweka kwenye mlango wa uani, nusu ndani nusu nje. Nyumba yenu bila shaka ina ukumbi wa katikati unaotoka mlango wa mbele hadi wa nyuma. Ifungueni milango yote miwili na kaskazi itapita humo mchana kutwa. Hakuna sehemu yenye baridi nzuri kuliko hiyo katika nyumba nzima, hata ukinipa feni. Hapo atawaona wanawake uani na atasikia kisomo cha barazani. Mtafutie binti mmoja wa kukaa naye, asiwe na kazi nyingine yoyote, maji ya kunywa yawe karibu na mkono wake.

Mwembe nao. Januari utakuwa na maembe, na yakidondoka juu ya turubai yanashtua watu, lakini tatizo si maembe, ni maji moto, wale sisimizi wakali wa mitini. Chunguza majani yaliyoshonwa pamoja kama mpira, hizo ndizo nyumba zao. Ukifunga taa au mapambo kwenye matawi yale, watashuka kwa hasira wamng'ate kila mtu aliye chini. Wiki mbili kabla, alfajiri wakiwa bado wametulia, vijana wapande wakate vijitawi vyenye viota, wavitie kwenye gunia moja kwa moja, wakavitupe mbali. Matawi makavu yakatwe siku hiyohiyo. Na bado, usimkalishe mtu chini ya shina. Weka pale meza ya maji na juisi. Maembe yaliyokwisha kuiva yachumwe Ijumaa, ndiyo juisi yenyewe hiyo.

Nimefika kwa mama yako, na kwa ajili ya hili ningeandika hata kama usingeniuliza lolote lingine.

Mwaka 2004 nilimwoza binti yangu mkubwa, nyumbani, uani kama wewe. Nami niliapa vilevile: pilau ya mwanangu haipiki mtu. Nilikuwa nimezoea kupikia shughuli za watu, nikaona nitawezaje kumwachia mwingine ya kwangu. Ilipofika saa kumi na nusu nilikuwa nimeinama juu ya sufuria la tatu, koleo mkononi, napalia makaa juu ya kifuniko. Kanga ilikuwa imelowa jasho mpaka kiunoni na moshi wa kuni umenijaa machoni. Mara pakawa kimya. Kimya kile unakijua ukishakisikia mara moja, watu wote wanasubiri neno moja. Nikajua baba yake na mashahidi wameingia chumbani kumuuliza. Dirisha la chumba kile lilikuwa juu ya kichwa changu, hatua tatu tu. Nikamsikia baba yake akisema, "Umeridhia nikuoze?" Mwanangu hakujibu. Akaulizwa tena, kimya. Nilitaka kuliacha koleo nikimbie, lakini makaa yalikuwa yamekaa upande mmoja wa kifuniko, na nikiyaacha hivyo pilau ya watu mia ingeungua. Nikayasawazisha. Mara ya tatu nikasikia "ndiyo" ndogo sana, halafu kilio, halafu vigelegele. Aliyekuwa amemshika mkono wakati ule ni shangazi yake. Mimi nilikuwa nimeshika koleo.

Pilau ilitoka nzuri, kila mtu aliisifu. Binti yangu hajawahi kunilaumu. Lakini mpaka leo, kila nikipalia makaa, namsikia akiulizwa.

Kwa hiyo mwambie mama kwamba shangazi wa gazetini amekataa. Halafu usimnyang'anye pilau, maana hilo litamuumiza bure. Mgawie sehemu ambayo ni roho ya pilau. Wiki ile aichague, aikaange na kuitwanga bizari yeye mwenyewe, na mdalasini, hiliki, karafuu na pilipili manga, aifunge kwenye mikebe, kila sufuria na mkebe wake. Ijumaa usiku jua likishazama asimamie kukaanga vitunguu, vifikie rangi anayoitaka yeye. Jumamosi sufuria la kwanza litokote mbele yake, aonje, aseme chumvi. Saa tisa alasiri amkabidhi mwiko mwanamke mnayemwamini, mbele ya wote, aende akaoge, avae, akae chumbani nawe. Wekeni mtu mmoja wa kumfuata, maana atajaribu kurudi.

Kipimo changu ni hiki. Kilo moja ya mchele inashibisha watu wanane wa shughuli. Watu 280 ni kilo 35, nanyi pikeni 40, kwa sababu watoto hawahesabiwi kwenye kadi lakini wanakula, na jirani aliyekuazima mkeka lazima apelekewe sahani. Nyama kilo 45 ikiwa na mifupa. Msipike sufuria moja kubwa la kujionyesha, pikeni manne ya kilo kumi kumi. Likiharibika moja, yapo matatu. Mawili ya kwanza yaingie motoni saa saba na nusu, hayo ni ya wanaume watakaokula saa kumi na moja baada ya nikahi. Mengine mawili yaingie saa kumi, yawe ya wanawake baada ya magharibi, wakati joto limevunjika na kila mtu ana hamu ya kula. Hivyo hakuna chakula kinachokaa masaa kikisubiri watu. Kachumbari ikatwe mwisho kabisa. Na wali wa nazi, hata kama ukoo wenu unaupenda, usiuweke kwenye shughuli ya Januari. Tui linachacha upesi kwenye joto, na mgeni akiumwa tumbo hatakumbuka kingine chochote.

Choo kimoja hakitoshi watu 280. Nenda kwa majirani wawili, wewe mwenyewe na mama, mwombe vyoo vyao mapema, na siku hiyo peleka ndoo, sabuni na kijana wa kujaza maji. Tanki la lita 1,000 lijazwe Alhamisi, kisima kiwe akiba, na mfuniko wake uwekewe kitu kizito watoto wasifungue. Barabara mtaifunga, kwa hiyo serikali ya mtaa wajue na wawape kibali, na kila nyumba ya upande wenu na wa pili iambiwe saa ngapi muziki unaanza na saa ngapi unazimwa. Ukiwa na jirani mgonjwa, spika zielekezwe kwingine. Umeme nunueni wa kutosha siku moja kabla, na jenereta iwe mbele, mbali na chumba cha bibi.

Mawili ya makaratasi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka kusudio la ndoa litolewe taarifa angalau siku 21 kabla. Kwa tarehe yako mwisho ungekuwa Januari 2, siku ambayo ofisi haina mtu. Malizeni katikati ya Desemba, na majina kwenye fomu yafanane herufi kwa herufi na ya kwenye vitambulisho vyenu, yasije kuwasumbua kwenye cheti. La pili ni michango. Januari ni mwezi wa ada na sare za shule. Mtu mwenye watoto watatu hata akikupenda vipi, Januari hana. Mwambie baba mkubwa michango yote ifungwe mwisho wa Novemba. Nimeona kamati zikisubiri Januari, zikaishia kukopa.

Niandikie Februari, uniambie mama alikuwa amekaa wapi ulipoulizwa.

*

Shangazi, asalaam alaikum. Niko Kisauni, Mombasa. Kijana wangu amepata likizo Aprili peke yake na anataka walima uani kwetu. Watu 150. Majirani wananiambia nitajuta. Je, nikodi hema kubwa tu nimalize?

*Mama wa bwana harusi*

*

Waalaikum salaam dada yangu. Majirani wanasema kweli. Aprili na Mei ndiyo masika yenyewe pwani yote, na mvua ya masika si ya kunyesha saa moja ikakatika. Hema litamzuia mgeni asilowe kichwa, lakini maji yanakuja kwa chini. Nimeona jamvi jipya likielea.

Nikahi haihitaji ua. Isomwe Aprili msikitini wakati wa likizo yake, watu wachache, kahawa na halua, vijana waanze maisha yao. Walima ya watu 150 ifanyike uani Agosti, hewa ikiwa imepoa na ardhi imekauka, hata kama bwana harusi atakuja kwa siku mbili tu. Ikishindikana kabisa, basi mwaga mchanga uani wiki mbili kabla, chimba mfereji wa kutoa maji nje ya ukuta, inua majiko juu ya matofali, weka kuni ndani tangu sasa, na punguza wageni wawe 60 wanaoweza kuingia ndani ya nyumba yote mvua ikishika. Lakini moyo wangu uko kwenye Agosti.

*

Habari shangazi. Tunaishi Columbus, Ohio. Mume wangu ni wa Lamu, mimi ni wa Tanga. Binti yetu anaolewa Julai ijayo, kiangazi cha huku, naye anataka nyuma ya nyumba yetu, kwenye majani. Wageni 90. Nataka pilau ya kuni kama nyumbani, lakini mume wangu anasema jirani ataita zimamoto. Pia sijui ratiba niiwekeje, maana huku jua halizami.

*Mama wa Columbus*

*

Mwenzangu, nafurahi ulivyoandika. Mdogo wangu anaishi mji huohuo, na niliwahi kupika huko harusi ya mpwa wangu, Julai vilevile, kwa hiyo nakujibu nililoliona kwa macho.

Jua mwanzoni mwa Julai linazama karibu saa tatu usiku. Ukipanga kama Tanga, kwamba watu wale baada ya magharibi, wazee na watoto watakuwa wamelala vitini. Nikahi ifanyike saa kumi na moja jioni, chakula saa kumi na mbili na nusu mwanga ukiwa mwingi, na magharibi ikiingia waliotaka kuswali wapate mahali patulivu ndani, kisha chai na vitafunio nje kukiwa kumepoa. Joto la huko ni zito na halina kaskazi, na jioni za Julai radi na mvua ya ghafla ni jambo la kawaida. Hema liwe na pande za kushusha, na gereji iachwe tupu kwa ajili ya dharura.

Mumeo yuko sawa kuhusu kuni. Tumia jiko kubwa la gesi, nje, mbali na hema na mbali na ukuta wa nyumba. Majirani waende wakaalikwe, msiwapelekee taarifa tu. Nyumba mbili za karibu zikija kula, hakuna atakayelalamikia ngoma. Cheti cha kuruhusu ndoa kinatolewa na mahakama ya mirathi ya kaunti, na kwa Ohio kinadumu siku 60, kwa hiyo msikichukue mapema mno kikaisha nguvu. Shekhe pia muulizeni kama amesajiliwa na jimbo kufungisha ndoa, kwa sababu huko ndivyo wanavyotaka.

Sasa pilau. Shida ya gesi ni kwamba moto wote uko chini. Mchele wa chini unashika na wa juu unabaki mbichi, na hakuna makaa ya kupalia. Nilihangaika na sufuria la kwanza mpaka mdogo wangu akaniambia, "Dada, washa oveni." Tukafanya hivi: pilau ikishakaribia kukauka maji kwenye gesi, tuliipakua yote kwenye trei za bati zenye kina, tukazifunika kwa karatasi ya bati zikabana kabisa, tukaziingiza kwenye oveni nyuzi 150 za sentigredi kwa dakika 35. Joto la oveni linazunguka juu na chini, ndiyo kupalia kwenyewe. Zilipofunguliwa, mchele ulikuwa umesimama punje punje, na harufu ya hiliki ikatoka mpaka kwa jirani wa tatu. Kwa watu 90 pika kilo 13 za mchele, trei sita au saba, na omba oveni ya jirani kwa zile ambazo yako haitaingiza.